Figo za Baba na Magadi ya Ziwani

Baba yangu alipoanza kuvimba, watu walimpongeza.

Walikuja pale nyumbani Getanuwas, wakakalia viti vya plastiki nilivyonunua mimi, wakanywa chai ya maziwa ya ng'ombe wetu, wakamtazama usoni na kusema mzee amenawiri. "Binti amerudi," walisema, "sasa mzee anakula." Mashavu yake yalikuwa yamejaa, macho yamekuwa madogo, na viatu vyake vya matairi vilimbana hadi akakata mkanda wa kimoja kwa kisu. Mama alifurahi. Kaka yangu alifurahi. Baba mwenyewe, mtu aliyekuwa mwembamba kama fito maisha yake yote, alijipapasa tumbo mbele ya wageni kama aliyetoka mnadani na bei nzuri.

Huku kwetu mwili ni habari njema. Tumeona miaka ambayo mvua ilipita juu ya mlima Hanang ikaenda kunyesha kwa wengine, na mtu aliyekonda hatuhitaji kumuuliza kwa nini. Mtu akinenepa, tunausalimia mwili wake kabla ya kumsalimia yeye. Naelewa. Lakini kuelewa hakujapunguza hasira yangu hata kidogo, kwa sababu walichokuwa wanakipongeza hakikuwa nyama wala mafuta. Kilikuwa maji. Baba yangu alikuwa anajaa maji kama tangi lisilo na bomba la kutolea, na sisi tulikuwa tunamwongezea chai.

Niseme mapema mimi ni nani, msomaji asije akafikiri nimeazima maneno. Nina diploma ya ufundi wa maji. Sikupewa na mjomba wala mbunge. Niliondoka hapa na sanduku la bati, nikafanya kazi za ndani Dar es Salaam, nikasoma sekondari ya jioni huku wenzangu wamelala, nikaingia chuo nikiwa mkubwa kuliko baadhi ya walimu, na nikatoka na matokeo ambayo wavulana wa darasa letu bado hawapendi kuyazungumzia. Pampu za visima ninazifunga mimi, kwa mikono hii, na zikiharibika wananipigia mimi. Nilirudi na pikapu yangu. Nyumba yangu ya Nangwa ina vigae sakafuni na choo ndani. Watu husema ninajisifu. Ni kweli, najisifu. Wangependa nani anisifu, wao? Wao ndio waliosema nitarudi na mimba.

Nyumba ya mwisho niliyofanyia kazi kule Dar ilikuwa na bibi, mama wa mwenye nyumba, mwalimu mstaafu. Figo zake zilikuwa zimekufa, na alikuwa anaishi kwa mashine ya kusafisha damu. Mimi ndiye niliyempeleka. Siku moja tunakwenda, siku inayofuata anapumzika, halafu tunarudi tena. Nilikaa pembeni ya kiti chake nikitazama damu yake ikitoka kwa mpira mmoja na kurudi kwa mwingine, na yeye, kwa kuwa hakuweza kuacha ualimu hata hapo, alinifundisha. Alisema jino linauma, sikio linauma, lakini figo zinakufa bila hata kukohoa. Ukisikia habari zake, nyingi zimeshakwenda.

Kwa hiyo wageni walipokuwa wanamsifu baba mwili, mimi nilipiga magoti mbele yake kama ninayemfunga kiatu, nikaubonyeza mfupa wa mguu wake kwa kidole gumba. Nilipoondoa kidole shimo lilibaki pale pale, kama unyayo wa mbuzi kwenye tope.

"Unatafuta nini?" baba aliuliza.

"Natafuta maji, baba. Ndiyo kazi yangu."

"Umeyapata?"

"Nimeyapata."

Wageni walicheka sana. Kesho yake nilimpakia kwenye pikapu, tukapanda kwenda hospitali kubwa upande wa Mbulu. Tulipofika juu na baridi ikaanza kuingia, alitaka tupitie kwanza Daudi, alikozaliwa, akawasalimie ndugu. Nilimwambia ndugu zake wamesalimika miaka yote bila yeye. Alininunia njia nzima.

Daktari alikuwa kijana, pengine mdogo wangu kwa umri, lakini alimwamkia baba shikamoo ya heshima, na hapo akanipata. Walimtoa damu, wakapima mkojo, wakampaka mafuta ya baridi tumboni na kumpiga picha. Figo zake zilionekana zimesinyaa. Kwenye damu, ile taka ambayo figo nzima huitoa, wanaiita kriatinini, ilikuwa imejazana.

"Mzee, presha unayo tangu lini?"

"Nilikuwa nayo," baba alisema. "Ilipona."

"Ilipona vipi?"

"Walinipa vidonge zahanati. Nilivimaliza vyote. Nikapona."

Alisema kwa fahari, kama mtoto aliyemaliza ugali. Nilitaka kupiga ukuta. Miaka yote ile hakuna mtu aliyemwambia kwamba vidonge vya presha havimalizwi. Alikuwa amerudi zahanati mara moja, akakuta ile mashine ya kubana mkono imepasuka mpira, na aliyekuwa zamu akamtazama kwa macho tu na kumwambia uko vizuri, mzee. Kwa macho! Mimi nikienda kupima kisima kwa macho nitafukuzwa kwa mawe. Halafu magoti yalikuwa yanamuuma kwa kutembea na mifugo, na yule mwenye duka la dawa gulioni alikuwa anamuuzia diklofenaki kama karanga, mkono hadi mkono, asubuhi na jioni, bila kumuuliza hata kama amekula. Dawa ile inabana mishipa inayoingiza damu kwenye figo. Juu presha inazipasua, chini dawa inazinyonga, na mzee anatembea na ng'ombe wake akijiona mzima.

Nilimwomba daktari anionyeshe picha, na alipoanza kunieleza nilimkatiza. Mambo ya kuchuja maji hakuna wa kunieleza. Lakini nikiri kwamba figo ni mtambo ambao sijawahi kufunga mfano wake. Ziko mbili, nyuma ya tumbo, chini ya mbavu za mwisho, kila moja kama ngumi. Mshipa mkubwa unaleta damu kwa nguvu ya moyo, unagawanyika, unagawanyika tena, mpaka unaishia kwenye vifundo vya mishipa myembamba kuliko unywele, karibu milioni moja kila figo. Hivyo ndivyo vichujio. Chembe za damu haziwezi kupita, protini haziwezi, ila maji yanapita na vyote vilivyoyeyuka ndani yake, vizuri na vibaya. Mimi kichujio changu kingeishia hapo. Figo ndiyo kwanza inaanza. Kila kichujio kina kijibomba chake, na kijibomba hicho kinavuta tena karibu maji yote, sukari yote, chumvi kiasi ambacho mwili unataka siku hiyo, na kuirudishia damu. Kinachobaki, kidogo, chenye rangi ya njano kwa kazi ya siku, kinashuka kwenye kibofu. Tena figo hiyo hiyo ndiyo inayouambia mwili utengeneze damu, ndiyo inayoipima presha na kuipandisha inapoona imeshuka. Sasa ufungie mtambo wa namna hiyo pampu yenye nguvu kupita kiasi, uiache miaka. Nimeona vichujio vya visima vikifa hivyo. Vinapasuka kimoja kimoja, vilivyobaki vinabeba mzigo wa vilivyokufa, navyo vinachoka. Kichujio cha kisima nanunua Arusha. Cha baba kinauzwa wapi?

Daktari alisema kilichobaki kinatosha kuishi nacho, tena miaka, kama kitatunzwa. Vidonge vya presha kila siku bila kuacha, asiguse tena dawa za maumivu, nyama kidogo, na chumvi aache kabisa, kwa sababu chumvi inashika maji na maji yanapandisha presha. Akishindwa, kitakachofuata ni mashine.

"Mashine iko wapi?" baba aliuliza.

"Mjini, mzee. Utahitaji kuhamia karibu nayo."

Baba alifikiri. "Nikae mjini nichomekwe ukutani kama simu," alisema. "Kila baada ya siku moja chaji inaisha. Hapana. Siku ya kunipeleka huko mniache hapa hapa, mnichimbie."

Hakuwa anatania. Namjua. Kwa hiyo jambo langu lilikuwa moja, na lilikuwa wazi: yale mabaki ya figo yasishuke tena nguvu. Yakishuka, baba atakataa mashine, na akikataa mashine atakufa. Nilimleta nyumbani, nikawaita mama na kaka, nikawasimamisha mbele yangu kama mafundi wapya kwenye saiti, nikawasomea masharti. Chumvi nje. Mama aliichukua ile pakiti ya dukani mbele ya macho yangu akampa jirani. Kaka akasema, "Sawa, daktari wa mabomba." Nikamwacha.

Tuliporudi hospitali baada ya muda tuliopewa, figo zilikuwa zimeshuka nguvu zaidi.

Daktari alimuuliza baba kama anakula chumvi. Baba akasema hajaionja tangu siku ile, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesema kweli. Akamuuliza vidonge. Baba akatoa karatasi za vidonge mfukoni, zimetobolewa vizuri zote. Daktari akaanza kuzungumza taratibu, ile sauti wanayotumia wakitaka uzoee. Akataja mji wenye mashine. Baba akatazama dirishani. Mimi nilimwambia daktari kipimo chake kimekosea. Nilisema kwa sauti ambayo watu wa nje walisikia, na sijutii, mtu aliyefanya yote aliyoambiwa ana haki ya kupiga kelele. Akarudia kipimo. Kikatoka vile vile.

Nilimpeleka baba nyumbani, nikaenda zangu Nangwa kufunga pampu niliyokuwa nimeiahidi. Niliifunga vibaya nikaifungua tena. Nilipokwenda Getanuwas tena kumwona, nilikuta watu wengi uani, moto unawaka, na kondoo dume ananing'inia kwenye mti wa boma.

Kwetu mgonjwa akirudi na habari mbaya, ukoo unachinja. Kaka ndiye aliyepanga, bila kuniambia. Alikuwa amekunja mikono ya shati, anachuna. Pembeni ya moto alikaa babu mmoja jirani, rika la baba, amekuja na fungu la mizizi ya kuchemshia kwenye supu. Supu ya mizizi kuosha figo, ndivyo walivyosema. Baba alikuwa kwenye kiti chake, amejifunika blanketi juani, miguu imejaa.

"Shikamoo babu," nilimwamkia yule mzee, kwa sababu hasira isinifanye nisahau nilivyolelewa.

"Marahaba, mjukuu. Umekuja wakati mzuri."

"Hiyo mizizi baba hanywi."

"Mizizi hii ilimtibu babu yako."

"Babu yangu alikufa, babu."

"Alikufa mzee!" Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao, amejaa ushindi.

Wakati huo kaka alikuwa amefika kwenye figo. Kwetu figo ni za mchunaji. Anazitoa, anazibabua kwenye makaa na kuzila hapo hapo, ni haki yake, hata baba mwenye boma haziombi. Kaka alikuwa amezishika kwenye kiganja, zina joto, zimezungukwa na mafuta meupe. Nikaziondoa mkononi mwake.

Mwanamke kumpokonya mchunaji figo, sidhani kama yupo aliyewahi kuona.

"Dada," kaka alisema taratibu, "rudisha."

"Nipe kisu."

"Diploma ya maji sasa imekuwa ya nyama?"

"Nipe kisu, kaka, au nitumie meno."

Alinipa, nadhani kwa kushangaa tu. Niliweka figo moja kwenye sinia, nikaivua mafuta, nikaivua ile ngozi nyembamba inayoifunika kama nailoni, nikaipasua kwa urefu, ikafunguka kama kitabu. Nikalibeba sinia hadi kwa baba na watu wakanifuata, kwa sababu hata anayekuchukia anapenda kuona. Nikawaonyesha. Sehemu hii ya nje, yenye rangi ya udongo mwekundu, ndiko viliko vichujio, vidogo huwezi kuviona. Hii ya ndani yenye mistari kama miale, ni vijibomba vinavyorudisha maji. Hapa katikati, hiki kikombe cheupe, mkojo unakusanyika, na huu mrija unaupeleka kibofuni. Hapa damu inaingia. Hapa inatoka safi. "Mnataka kuosha figo?" niliwauliza. "Haioshwi. Hii ndiyo inayoosha. Unachokunywa hakiji kuisugua kama sufuria, kinapita kwenye damu na kuwa mzigo mwingine wa kubeba. Hamjui ndani ya mizizi ile kuna nini. Hata babu hajui."

"Najua ni mizizi," yule babu alisema.

Baba alinyoosha mkono akachukua nusu moja. Amechinja wanyama maisha yake yote. Aliigeuza juani, akaibonyeza, ikarudi laini.

"Lile dume letu jeupe," alisema, "tulilochinja mwaka wa njaa, limezeeka. Figo zake zilikuwa ndogo, ngumu, zina mabonde. Kisu kilikwama." Akanitazama. "Zangu ziko vile?"

Nilisema, "Bado, baba. Ziko njiani."

Akairudisha ile nusu kwenye sinia, akajifuta vidole kwenye blanketi.

Mama, ambaye siku zote akiona ugomvi huleta chakula, akaja na ugali na bakuli la mlenda. Nilikuwa na njaa ya tangu asubuhi. Nikamega tonge, nikachovya, nikaweka mdomoni.

Ulikuwa mtamu. Ndiyo maana niliacha kutafuna. Nimekula chakula kisicho na chumvi na yule bibi wa Dar, najua kinavyolala mdomoni kama karatasi. Mlenda huu ulikuwa na ladha, unateleza vizuri, na nyuma ya ulimi ulikuwa na kile kikali kidogo ninachokijua tangu nikiwa mtoto.

"Mama, huu una nini?"

"Una mlenda."

"Na nini?"

"Na magadi kidogo. Mlenda bila magadi utavutika vipi?"

"Na makande?"

"Makande bila magadi yataiva lini?"

"Na maharage?"

Mama alianza kuona kwamba naelekea mahali. "Ulisema chumvi," alisema. "Chumvi nilimpa jirani mbele yako."

Ikatoka yote. Kaka alikuwa amekwenda ziwani Balangida na punda, akakwangua magadi pale maji yanapokauka na kuacha ukoko mweupe, akarudi na gunia. Gunia zima! Tangu chumvi ya dukani ilipoondoka, mama aliongeza magadi katika kila chungu, ili chakula kipite kooni. Na zaidi ya hapo, baba alipolalamika tumbo kujaa baada ya vidonge, walimyeyushia bonge kwenye kikombe cha maji ya moto, akanywa, kila siku, kama dawa. Ng'ombe wanalamba magadi na wananenepa. Nani angemnyima mgonjwa?

Sijui nilisema nini kwanza. Nakumbuka nilichosema baadaye, kwa sababu nilikisema nimesimama juu ya kigoda. Kwamba kile kinachoshika maji kwenye chumvi ya dukani ndicho kile kile kilichojaa kwenye magadi, na ukoko ule wa ziwani una chumvi na magadi vimechanganyika. Kwamba wamemwondolea mzee kijiko wakampa koleo. Kwamba kila kidonge alichomeza asubuhi, kikombe cha jioni kilikifuta. Kaka akasema magadi si chumvi, magadi yametoka ardhini, Mungu ameyaweka, hayana kiwanda. Nikamwambia hata nyoka hana kiwanda. Nikaingia jikoni, nikaliburuta lile gunia hadi nje, likaacha mstari mweupe uani.

"Hayo ni ya ng'ombe pia!" kaka alipiga kelele.

"Basi wape ng'ombe! Wao wana figo!"

Mama alikuwa amekaa chini. Hakuwa analia, mama yangu halii mbele ya watu. Alisema, bila kunitazama, "Ulitaka nifanye nini? Nimpikie chungu chake peke yake?"

"Ndiyo, mama!"

"Wewe umekaa sana mjini." Sasa alinitazama. "Wazee wakija hapa wanakula na baba yako sinia moja. Nikileta chakula chao huku, na cha mume wangu huku kimefunikwa, wataondoka waseme nini? Watasema mzee amekuwa mchoyo. Au watasema kuna kitu namwekea. Akifa je? Nitakaa wapi mimi, nikiwa ndiye niliyekuwa nampikia chungu cha peke yake?"

Niliendelea kukasirika, na bado nimekasirika ninapoandika, kwamba mwanamke alikuwa tayari kumvimbisha mumewe mpaka afe ili watu wasiseme amemuua. Nimekasirikia pia hao watu. Walikuwa wamekaa pale pale, wanatazama nyasi, na hakuna hata mmoja aliyesema, mama, sisi hatutasema.

Aliyesema alikuwa baba. Alisimama, jambo lililomchukua muda, akashika mgongo wa kiti.

"Mwanamke huyu," alisema, "kuanzia leo atanipikia chungu changu. Hakina chumvi, hakina magadi. Anayetaka kusema nalishwa sumu, aje ale yeye kwanza. Mimi nitasubiri."

Halafu akamgeukia yule rika lake wa mizizi. "Wewe. Unaongea sana. Kesho uje ule."

"Mimi nimekosa nini?" babu aliuliza.

"Uje."

Alikuja. Nililala pale pale Getanuwas ili nione kwa macho yangu. Mama alipika ugali na mchicha, chungu kidogo, akakifungua mbele ya wote wawili na kuondoka. Babu akamega, akatafuna, akameza, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo.

"Mnh," alisema mwishoni. "Hata ndama akipewa hiki angeuliza mama yake yuko wapi."

"Kula," baba alisema.

"Nakula. Ila ukifa kwa chakula hiki hatutasema sumu. Tutasema kuchoka."

Alirudi siku nyingine, na nyingine. Habari zilienea, kama zinavyoenea kwetu, kwamba mzee anakula chakula cha ajabu lakini anakula mbele za watu. Wazee kadhaa walikuja kuonja kwa udadisi, wakarudi kwao wakitema mate njiani. Mama akaanza kukamua ndimu na kukata vitunguu vingi ili kipitike. Kaka alikataa katakata. Alikula kwenye chungu kingine, chenye magadi, na mpaka leo figo za yule kondoo ananidai. Yule mwenye duka la dawa nilimwendea mwenyewe gulioni, nikamwambia akimuuzia tena mzee wangu diklofenaki nitakuja kukaa mlangoni pake na kila mteja nitamweleza figo, kwa sinia na kisu. Alinijibu kwamba yeye hauzi figo, anauza dawa. Pale zahanati nilipeleka kipima presha nilichonunua mwenyewe. Walikipokea kwa shukrani, na nilipopita baadaye kilikuwa kimefungiwa kabatini kisiharibike.

Miguu ya baba ilipungua. Uso ukarudi kuwa ule mwembamba. Wageni wakaanza kumpa pole. "Mzee amekonda," walimwambia mama kwa sauti ya chini, "binti hamlishi?" Nilikuwa nawahudumia chai nikiwa nimefunga mdomo kwa nguvu hadi taya linauma.

Siku ya kipimo tulipanda tena Mbulu. Walimtoa damu, tukasubiri kwenye benchi katikati ya watu wenye miguu kama yake ya zamani. Daktari akatuita. Alitazama karatasi mpya, akatazama ya zamani, akaziweka pamoja.

"Hazijapanda," alisema. "Mzee, figo hazijapona, na hazitapona. Ila hazijashuka tena. Zimesimama pale pale."

"Mashine?" baba aliuliza.

"Siyo leo."

Baba alimshukuru, akamuuliza habari za wazazi wake, akamtakia mke mwema. Tukatoka hadi kwenye pikapu. Alisimama na mkono juu ya mlango, hakuingia.

"Kwa hiyo nitakula vile mpaka lini?"

"Mpaka ufe, baba."

Akatikisa kichwa, akitazama barabara ya kushuka. "Nitakufa nina hasira sana."

"Hata mimi."

Aliingia, akaubamiza mlango kwa nguvu hadi kioo kikatetemeka. Nikawasha gari.